Pikipiki ya Barabara Isiyo na Mashimo

Jumatatu asubuhi mashimo yote ya mjini yalikwisha. Mkurugenzi wa Idara ya Maji na Barabara alisimama kwenye ngazi za jengo la idara, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba yamekwisha, na yakaisha. Greda halikutoka. Koleo halikuguswa. Kazi nzima ilifanywa kwa mdomo, na ikamalizika mapema kuliko mradi wowote uliowahi kusimamiwa na idara hiyo.

"Kuanzia sasa," Mkurugenzi akamalizia, "atakayesema kuna shimo ni mpotoshaji."

Watumishi wakapiga makofi. Kila mtu alipiga kwa nguvu kulingana na cheo anachokitafuta.

Hapo ndipo Kibiriti alipoingia getini anasukuma pikipiki. Rimu ya mbele ilikuwa na umbo la yai, na sanduku la nyuma lilikuwa linachuruzika maji. Kazi ya Kibiriti ilikuwa kuzunguka kwenye visima na matangi, kuchota maji kwenye chupa za kioo na kuzifikisha maabara, ili wapimaji waseme kama watu wanakunywa maji au wanakunywa matatizo. Jina lenyewe alipewa na wenzake, kwa sababu ukimgusa tu anawaka.

"Chupa zimevunjika tena?" Mkurugenzi akamuuliza, kipaza sauti bado kiko mdomoni, mji mzima unasikia.

"Ndiyo, mzee. Nimeingia kwenye sh—"

Shangazi yake akamkanyaga mguu. Huyu shangazi ndiye mhasibu wa idara, watu wote wanamwita Mama Mhasibu, na ndiye aliyemwombea kijana kazi kwa kuapa kwamba ana adabu.

"Umeingia kwenye nini?"

"Kwenye kazi, mzee. Nimeingia kwenye kazi kwa nguvu zote."

"Barabara laini kama hii, chupa zinavunjika? Huo ni uzembe wa dereva. Zikivunjika tena, unarudisha helmeti na unakwenda kulala kwenu."

Kibiriti akafungua mdomo. Shangazi akaongeza uzito kwenye kile kiatu. Mdomo ukajifunga.

Pikipiki ilikuwa imekufa, haina hata matumaini ya vipuri, kwa hiyo ilibidi itafutwe nyingine. Mtu wa kawaida angekwenda dukani, angeijaribu, angeichukua. Idara si mtu wa kawaida. Idara iliunda Kamati ya Uteuzi wa Pikipiki ya Ukubwa wa Kati yenye Uwezo wa Lami na Vumbi kwa Safari za Barabarani. Mwenyekiti, Mkurugenzi mwenyewe. Wajumbe, Mama Mhasibu na Bwana Itifaki, afisa anayehakikisha kwamba wakubwa wanaingia mlangoni kwa mpangilio.

Kwa utaratibu wa idara, kamati hukaa ukumbini, ghorofa ya pili. Kamati ikishuka barabarani inaacha kuwa kamati, inakuwa watu waliosimama tu. Kwa hiyo pikipiki mbili zilipandishwa ngazi. Kibiriti alishika nyuma, muuzaji aliyezileta akashika mbele, walinzi wakashika katikati na kulalamika.

"Hivi hawa hawawezi kuchungulia dirishani?" Kibiriti akauliza, jasho linamwingia machoni.

"Nyamaza, kaka," muuzaji akasema. "Mimi kwenye shule moja niliambiwa nipitishe trekta mlangoni."

Zikawekwa juu ya zulia. Zote zilikuwa za ukubwa wa kati, si zile ndogo za kubebea kuku, wala zile kubwa za kuvimbia mjini. Ya kwanza ilikuwa ndefu, tairi la mbele kubwa, springi zimesimama kama miguu ya mbuzi. Ya pili ilikuwa na sura hiyohiyo ya safari ndefu, kioo mbele, vyuma vya kulinda injini, lakini ilikuwa imekaa chini, tairi zake laini, springi fupi, rangi inang'aa. Sura ya porini, roho ya sebuleni.

Kibiriti aliipenda ile ndefu palepale. Tuseme ukweli, nusu ya sababu ilikuwa chupa, na nusu nyingine ilikuwa binti wa duka la dawa, aone mtu anapita juu juu. Lakini nusu ya chupa ilikuwa nzito. Akifukuzwa, shangazi yake ataangaliwaje pale ofisini? Na yeye shule aliiacha njiani, nani mwingine atamchukua?

"Mzee," muuzaji akaanza, "hii ndefu ndiyo dawa. Kwenye lami inakwenda vizuri, haitetemeki, ukikaa unaona mbele kupita magari. Na hili tairi kubwa, hata ukikutana na—"

Bwana Itifaki akakohoa.

"—ukikutana na mahali ambapo lami imepumzika kidogo," muuzaji akajirekebisha, "unapita bila habari."

"Lami ya idara hii haipumziki," Mkurugenzi akasema.

"Haipumziki kabisa, mzee. Nimekosea."

Wakaanza majaribio. Kuwasha injini ndani ya jengo ni marufuku, kwa hiyo Bwana Itifaki alipanda na kutoa mlio kwa mdomo. Hakufanya masihara. Alianza na gia ya kwanza, akapanda ya pili, akanguruma mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na alipofika kona ya meza akapunguza mwendo, akapiga honi. Mama Mhasibu aliweka bilauri ya maji juu ya kiti cha kila pikipiki ili kupima utulivu. Maji hayakumwagika kwa yoyote. Zulia lilikuwa zuri sana.

"Matokeo yamefanana," Mama Mhasibu akasema bila kucheka. Alikuwa na kipaji hicho.

Ndipo Mkurugenzi akasema atakaa mwenyewe. Walinzi wakamsaidia kuipanda ile ndefu. Akakaa. Miguu yake ikabaki inaning'inia, viatu vinatafuta sakafu bila kuipata, kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Ukumbi mzima ukaangalia dari.

"Pikipiki hii," Bwana Itifaki akasema taratibu, "haijalelewa vizuri."

"Ina kiburi," Mkurugenzi akakubali, anashushwa. Akapanda ile fupi. Nyayo zikagusa zulia. Uso ukarudi kwenye cheo chake. "Hii inajua watu. Tuchukue hii."

"Mzee, naomba kusema," Kibiriti akadakia.

"Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye nitakayeiendesha."

"Basi subiri ukiwa unaiendesha."

"Mzee, springi za hiyo zitagonga chini. Pale sokoni tu chupa zote kwisha."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mtu anayejitibu mwenyewe. "Kijana, ile ndefu ni ya barabara mbovu. Idara ikionekana imepanda ile, wananchi watasema nini? Si watasema tunajua kitu?"

Hapo hata Kibiriti akajikuta anaitikia kwa kichwa. Hoja ilikuwa imekaa vizuri mno.

"Tena," Mkurugenzi akaendelea, "nitaizindua mwenyewe. Nitabeba chupa mimi, kutoka getini mpaka maabara, mbele ya kamera. Nikifika salama, kila atakayevunja baada yangu hana cha kujitetea."

Kwenye ngazi, wakati wa kushusha, Kibiriti alimnong'oneza shangazi yake. "Shangazi, mimi basi tena."

"Mwanangu, funga mdomo na uombe," shangazi akasema. "Mzee akisema ataendesha, sisi tunasema safari njema."

Siku ya uzinduzi waandishi walikuja, na watu wa sokoni wakaacha biashara, kwa maana burudani ya bure haiji kila siku. Ile ndefu nayo ilikuwa pale getini, inasubiri gari la kuirudisha dukani. Gari la Mkurugenzi lilikuwa gereji, springi zimekatika kwa sababu ambazo bado zilikuwa zinachunguzwa.

Mkurugenzi akawasha, akaondoka. Haki yake apewe, alikuwa anajua kuendesha. Mwendo wa heshima, mgongo umenyooka, mkono mmoja unapunga. Tatizo lilikuwa moja. Kila mtu anayetumia barabara ile huendesha kama nyoka, kulia, kushoto, kulia tena. Mkurugenzi asingeweza kufanya hivyo. Kukwepa ni kukiri. Kwa hiyo alinyoosha, kamera zinamwangalia, moja kwa moja mpaka mbele ya soko, si mbali na geti, ambapo palikuwa na kile kitu kisichokuwepo.

Pikipiki iliingia, tairi la mbele likabaki humo. Mkurugenzi aliendelea kidogo peke yake, akapinduka hewani, akatua humohumo kwa miguu. Chupa zililia zote kwa pamoja. Kelele zilipotulia, Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya barabara akiwa mfupi kuliko kawaida, maji ya matope yamemfika mapajani.

Bwana Itifaki akawageukia waandishi. "Mkurugenzi amesimama kidogo kukagua."

"Nitoeni!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Mguu wangu!"

Kibiriti alikuwa wa kwanza kufika. Akanyoosha mkono, halafu akausimamisha hewani.

"Nikutoe wapi, mzee?"

"Hapa!"

"Hapa ni barabarani, mzee. Kwenye barabara mtu hatolewi. Anatembea."

Watu wa sokoni wakaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mama Mhasibu akasogea, mikono nyuma, uso mkavu kama karatasi.

"Mzee, samahani, waandishi wanasubiri taarifa. Chupa zimevunjika. Tuwaambie ni uzembe wa dereva?"

Mkurugenzi akamtazama. Akatazama kamera. Akatazama mkono wa Kibiriti, uko pale karibu, haushuki wala hausogei. Uso wake ulibadilika rangi kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Waambie," akasema.

"Niwaambie nini, mzee?"

"Waambie ni shimo."

"Waandishi wa nyuma hawajasikia, mzee."

"SHIMO!" Mkurugenzi akanguruma, na safari hii hakuhitaji kipaza sauti. "Nimo shimoni! Shimo kubwa! Nani ameacha shimo hapa?"

Swali hilo lilikosa wa kulijibu, kwa sababu aliyetakiwa kulijibu ndiye aliyekuwa humo.

Wakamvuta. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, lazima hospitali, na gari hakuna. Ile fupi ilikuwa imezama na adabu yake yote. Ikabaki ile yenye kiburi. Wakampandisha nyuma ya Kibiriti, miguu inaning'inia, lakini safari hii hakuna aliyeangalia dari. Kila mtu alimwangalia yeye.

"Endesha taratibu, mwanangu," Mkurugenzi akasema. "Kwepa yale yote."

Kibiriti akamgeukia Bwana Itifaki. "Bosi, tangazo la Jumatatu limefutwa?"

Bwana Itifaki alifikiri kwa uaminifu wake wote. "Bado. Mpaka kikao."

"Sawa."

Kibiriti akaingiza gia, akanyoosha katikati ya barabara kama mtumishi mtiifu. Ile ndefu ikapanda, ikashuka, ikapanda, springi zinapumua, kijana hana habari. Nyuma yake Mkurugenzi alikuwa amemkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, anapaza sauti mtaa mpaka mtaa, na watu wanatoka madukani kusikiliza ukaguzi wa kwanza wa barabara kufanyika mjini humo.

"Shimo! Shimo lingine hilo! Mbele yako, wewe, shimo!"

"Silioni, mzee," Kibiriti akajibu, na akaongeza moto. "Niko kazini."