Fundi wa Wepesi

Elimu yote ya Mbonile kuhusu magari ilikuwa kuziba pancha. Lakini mwaka huu vijana wa Tunduma waliingiwa na homa ya mbio. Kila mwenye kigari cha kwendea sokoni alitaka kikimbie, na kila mmoja alimuuliza Mbonile swali lile lile: naanzia wapi? Mtu akiulizwa hivyo mara nne kwa wiki moja, naye ana banda lake pale Mpemba na hana aibu, kazi imeshamfuata mlangoni.

Jibu lake lilikuwa tamu. Wengine, alisema, watakwambia uanze na ekzosi, mara ubadilishe chujio la hewa, mara uchezee kompyuta ya gari. Hizo hela za kutupa. Mbio zinaanza na wepesi. Gari lako limebeba mzigo usioujua: tairi la spea, jeki, kapeti, na siti za nyuma wanazokalia mashemeji tu. Toa vyote hivyo, uone. Fundi wa kweli angesema anza na breki na matairi, ila fundi wa kweli alikuwa mbali na bei yake haisemeki.

Basi watu wakawa wanamlipa awavulie magari yao, na vilivyovuliwa anawahifadhia bure, kwa roho safi, mpaka apate mnunuzi. Uzuri wa biashara yenyewe ni kwamba gari lilikimbia kweli. Nani arudi kulalamika? Nyuma ya banda zikapangana spea kumi na nne. Mbele ya banda iliegeshwa Altezza nyekundu ya Mbonile mwenyewe, ambayo haikuwahi kupunguzwa hata kopo la maji. Aliipenda ile gari jamani, kuliko alivyompenda binadamu yeyote. Aliipangusa asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha aliifunika turubai kisha yeye akalowa.

Alhamisi moja akaingia dada mmoja wa vitenge, Bushra, na IST nyeupe ambayo siti zake za nyuma zilikuwa bado na nailoni. Mbonile alipoiona ile nailoni, moyo ulimruka. Bushra akaeleza shida yake bila kuzunguka. Ana mke mwenzake, naye ana gari, na kila siku ya gulio la Isongole huyo mke mwenzake humpita njiani akipiga honi.

"Nataka nifike kabla yake, fundi," alisema. "Nimsubiri na chai."

Mbonile akamwaga somo lake la wepesi lote, kuanzia spea hadi mashemeji. Bushra alikubali kila neno. Kitu kimoja tu alichoomba: mumewe ni mtu wa karatasi, hivyo fundi amwandikie kwamba amelipokea gari likiwa zima, na siti zake zote. Tapeli akiombwa risiti hujiona mtu wa maana sana. Mbonile aliandika, akasaini, na dole gumba akaligandamiza bila hata kuombwa.

Adhuhuri kazi ikawa imekwisha. Bushra alilipa ufundi bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo lingepaswa kumtia hofu mtu yeyote mwenye akili timamu, akawasha gari akaondoka nalo kama mshale. Mbonile alibaki anazipapasa siti. Karatasi ya kuonyesha kwamba gari limetoka hakuikumbuka, na ukweli ni kwamba hakuwahi kuandika karatasi ya namna hiyo maishani mwake.

Kesho yake akaja mzee mmoja wa koti, mpole, akajitambulisha kuwa ni Gwalugano, mwenye IST nyeupe. Mkononi alikuwa na ile karatasi.

"Shikamoo mzee. Mwenyewe alishalichukua jana."

"Marahaba. Mwenyewe ni mimi, mwanangu. Yule nilimkodisha, kaniachia karatasi hii tu, na simu yake haipatikani. Hapa inasema gari limeingia kwako. Nionyeshe panaposema limetoka."

Mzee akazunguka nyuma ya banda, akazikuta siti zake, kisha akasimama akizitazama zile spea kumi na nne. Alizitazama muda mrefu, midomo ikihesabu.

"Twende polisi," alisema taratibu. "Utaeleza kwanza habari ya gari langu. Hizi nyingine utazieleza ukimaliza."

Mbonile alimsihi achukue spea zote. Mzee akauliza spea za gari lisilokuwepo atazifanyia nini. Mazungumzo yakaenda, yakarudi, na kila yaliporudi macho ya mzee yalitua kwenye Altezza. Mwishowe wakakubaliana mzee aishikilie mpaka Bushra apatikane, pamoja na kadi ya gari na hati ya mauzo iliyosainiwa, kwa kuwa na mzee naye alikuwa mtu wa karatasi; siti akaziacha pale pale. Mbonile alilia. Alilia kweli, mbele za watu, mpaka Gwalugano akamshika bega na kumwambia ajikaze.

Jumamosi akapita jirani yake Yunisi, anayeuza vitunguu ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Alikuja kumpa pole kwa kuuza gari. Aliiona Altezza huko, mzee wa koti anaendesha, pembeni kuna dada anamwita baba. Walimpa lifti mpaka mpakani, tena wanacheka wote wawili.

Mbonile alikaa chini. "Dada huyo kasema nini?"

"Kakusalimia. Anasema IST imepata mteja, ila mteja anataka yenye siti. Anauliza zile zako unaziuzaje."

Mbonile akataja bei. Yunisi akapiga simu hapo hapo, kwa namba aliyoachiwa. Wakapatana kwa nusu, nauli ya kuzifikisha Nakonde iwe juu ya Mbonile, naye akakubali maana huko angalau angeiona Altezza yake. Hela, walisema, watatoa mzigo ukifika.