Shikamoo Sita Zilizohesabiwa Kuwa Makosa

Bwanausi Abdillah,
Kijiwe cha Bodaboda cha Njiapanda,
Mapinga.
Jumatatu.

Kwa Mzee Haji,
Mwenyekiti, Kamati ya Mashindano ya Pikipiki ya Kupita Vikwazo,
Kiwangwa.

Kupitia kwa: Mwalimu Batuli, Katibu na Mwamuzi wa kamati hiyohiyo.

YAH: POINTI KUMI NA SABA NILIZOANDIKIWA SIKU YA JUMAMOSI

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Na kwa kuwa wewe pia ni baba mdogo wa Batuli, naongeza shikamoo ya pili, ili ile ya kwanza ibaki ya ofisi na hii iwe ya nyumbani. Sipendi kuchanganya mambo.

Natumaini u mzima, na koo lako limepoa baada ya kutangaza siku nzima bila kipaza sauti. Sisi huku Mapinga hatujambo, isipokuwa mimi.

Kwanza nakupongeza, Mzee wangu. Ulipokuja kijiweni kwetu ukatueleza kwamba haya si mashindano ya mbio, bali ni ya kupita polepole juu ya mchanga, magogo na mawe bila kuteremsha mguu, wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijiandikisha papo hapo. Sheria nilizielewa vizuri: kila ukikanyaga chini ni pointi moja, ukisimama kabisa ni pointi tano, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Nimepata kumi na saba. Nimekuwa wa mwisho kati ya waendeshaji kumi na wanne, na aliyenitangulia ana tisa.

Ningenyamaza, maana mimi si mtu wa kelele. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba kuna jambo jingine. Mwezi uliopita mjomba wangu Mwinjuma alileta nyumbani kwenu barua ya posa, kumwomba Batuli kwa ajili yangu. Humo ndani aliandika, kwa ule mwandiko wake wa kujivunia, kwamba mimi ndiye dereva hodari kuliko wote kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini. Mkamjibu kwamba tusubiri mashindano yapite, jibu mtalitoa Ijumaa. Mtu mzima haambiwi mara mbili. Nilijua hapo hapo kwamba huo ni mtihani. Sasa zimebaki siku nne, na nyumbani kwenu kuna karatasi mbili zinazonihusu, ya posa na ya matokeo, na haziafikiani hata kidogo.

Kwa hiyo naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kuhusu utepe wa kijani. Kamati ilitugawa makundi matatu: utepe mwekundu kwa mabingwa, wa njano kwa wazoefu, na wa kijani kwa wanaoanza. Mimi nina miaka kumi na minne barabarani. Nimebeba wajawazito, nimebeba mabati, nimebeba mbuzi, na siku moja nilimbeba bwana harusi aliyechelewa ndoa yake mwenyewe, na tukawahi. Nikapewa utepe wa kijani. Nikawekwa pamoja na Sabiha, muuza vitumbua, aliyejifunza pikipiki baada ya Idi, na Mzee Ridhiwani, karani mstaafu wa miaka sabini na mbili, anayeendesha kwa miwani ya kusomea. Naambiwa sababu ni lile jaribio la kuzunguka mapipa matatu, kwamba nilisimama kwenye pipa la pili. Ni kweli nilisimama. Nilikuwa nampisha Mzee Ridhiwani na kumwamkia. Sikujua kwamba kumpisha mzee ni dalili ya kutojua pikipiki.

2. Kuhusu turubai. Hapa ndipo kwenye kidonda. Kikwazo cha tatu kilikuwa njia nyembamba katikati ya mistari ya mananasi, na kamati ikaona ni vyema kuweka turubai la wageni hatua moja tu kutoka kwenye hiyo njia. Kwenye mkeka wa mbele waliketi akina mama sita, na wa kwanza kabisa alikuwa Bi Mwanvita, mama yake Batuli.

Mzee wangu, mimi nimelelewa. Kwetu humpiti mtu mzima ukiwa umekaa juu ya chombo, miguu inaning'inia, ukamrushia salamu kama unamrudishia chenji. Unapunguza mwendo, unateremsha mguu, unainamisha kichwa, ndipo unaamkia. Nikateremsha mguu. Nikamwamkia Bi Mwanvita, akaitikia marahaba. Hapo ningeondoka, lakini akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema njema. Akauliza hali ya mama. Sasa mama yangu ana goti, Mwenyekiti, na swali la goti la mama halijibiwi huku mtu anatembea. Lina historia. Nikasimama kabisa.

Kisha kulikuwa na wale watano. Najua lipo neno la kuwaamkia watu wote kwa mkupuo mmoja. Sabiha alilitumia. Alipita na "shikamooni" yake moja, mkono juu, mwendo uleule, nao wakamwitikia kwa furaha kama waliogawiwa vitumbua. Mimi siwezi. Niliwaamkia mmoja mmoja, na kila nilipojivuta mbele kumfikia anayefuata, niliteremsha mguu upya. Miguu sita, na tano za kusimama, jumla kumi na moja. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya pikipiki nne, na moja ilipata moto mpaka ikazimika. Mwenye pikipiki hiyo naomba anisamehe. Lakini naiomba kamati inieleze, kwa maandishi na kwa muhuri, ni salamu gani kamili ya mtu mzima inayoweza kumalizika bila kusimama.

3. Kuhusu umri wa Mzee Ridhiwani. Ameshinda kundi letu akiwa na pointi mbili tu. Sina kinyongo naye, na kofia aliyopewa imempendeza. Ila tuseme ukweli. Kwa umri wake, Mzee Ridhiwani hakuwa na wa kumwamkia pale. Alipofika kwenye turubai, akina mama wote sita ndio waliomwamkia yeye, naye akawaitikia marahaba moja ya jumla, miguu juu, akapita zake. Huu ni upendeleo wa wazi. Sheria inambeba mzee na kumuumiza kijana mwenye adabu. Napendekeza mwakani kila mshiriki awekewe njiani watu sita waliomzidi umri, na kwa ajili ya Mzee Ridhiwani kamati itafute watu wa miaka tisini. Kule kijijini Miono hawakosekani. Mimi niko tayari kwenda kuwachukua mmoja mmoja, polepole.

4. Kuhusu mwamuzi. (Mwalimu Batuli, najua Katibu anaruhusiwa kusoma barua kabla ya kuifikisha. Tafadhali ruka hapa, uende namba tano.)

Mwenyekiti, sioni kama ni haki mtu ambaye jibu lake la posa linasubiriwa apewe kazi ya kuhesabu miguu ya aliyemposa. Alinifuata kikwazo baada ya kikwazo na daftari lake la shule na filimbi, na kila nilipogusa ardhi akapuliza. Nilipomwamkia mama yake mzazi, akapuliza. Nilipokuwa katikati ya habari za goti, akapuliza kwa kirefu. Mwishoni akanyoosha vidole sita hewani ili na walioketi nyuma wapate faida. Sikutaka anibebe. Nilichoomba moyoni ni aangalie pembeni mara moja tu, kama mtu aliyeitwa, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. Hakuangalia. Iliniuma, Mzee wangu, na sioni haya kukuambia.

5. Kuhusu miguu iliyobaki. Mchangani naambiwa miwili. Kandambili ilichomoka na mguu ukaifuata, na mguu unaotafuta kiatu chake haujakanyaga, uko kazini. Kwenye gogo la mkorosho naambiwa mitatu. Pikipiki yangu imezoea abiria, na bila mtu wa nyuma inakuwa nyepesi na haina heshima. Niliomba nipande gogo nikiwa na abiria, hata mmoja mwembamba, nikakataliwa. Korongoni, mguu mmoja. Huo naukubali, niliogopa mawe. Kuhusu korongo sina la kuongeza, na naomba kamati nayo isiongeze.

Kutokana na hayo, naomba shikamoo sita zifutwe pamoja na zile tano za kusimama, nibaki na pointi sita, ambazo mtu anaweza kuzitaja mbele ya wakwe.

Kama hilo ni gumu, naomba liundwe kundi la nne, la utepe wa buluu, kundi la waungwana, ambamo mshindi atakuwa yule atakayefika mwisho akiwa ameamkia watu wengi zaidi, hata kama atafika kesho yake.

Kama nalo ni gumu, basi akina mama wa turubai watambuliwe rasmi kuwa kikwazo, wawekewe namba na utepe kama gogo na mawe, ili mshiriki ajiandae mapema. Nimeisoma tena sentensi hiyo na nimeona haifai. Naomba Bi Mwanvita asisomewe.

Na kama yote hayawezekani, mashindano yarudiwe yote Alhamisi, mananasi yakiwa palepale, turubai likiwa ng'ambo ya pili ya shamba, na akina mama wakiwa wamegeuzia mgongo njia. Nitawaamkia wote siku inayofuata, majumbani kwao, nikiwa kwa miguu.

Mzee wangu, nimezunguka sana. Jambo lenyewe ni kwamba nampenda Batuli, na Ijumaa naiogopa kuliko nilivyoyaogopa yale mawe. Mtu akiletewa barua inayosema hodari, kisha hodari mwenyewe akajitokeza mbele ya ukoo mzima akiwa wa kumi na nne, ataambiwa alidanganya, na mjomba wangu ataambiwa hivyo hivyo uzeeni. Mimi si mwongo. Ni mwepesi wa kuteremsha mguu, basi.

Naomba unisalimie watu, na sitawajumlisha. Mpe Bi Mwanvita yake, na wale watano walioketi naye kila mmoja yake, hasa wa nne, ambaye jina lake sikulisikia kwa sababu ya filimbi. Mpe Mzee Ridhiwani shikamoo mpya, ile ya kwenye mapipa asiihesabu. Mwambie Sabiha kwamba vitumbua vyake vizuri, tatizo langu ni salamu zake tu. Yule aliyezimikiwa na pikipiki mpe pole. Na Katibu mpe salamu ya kiofisi.

Ni mimi ninayeendelea kuhesabu siku kwa adabu zote,

Bwanausi Abdillah,
Mshiriki namba 8, utepe wa kijani (kwa sasa).

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha mjomba Mwinjuma alipofika kutoka kwenu Kiwangwa. Nimeichana. Anasema mashindano hayakuwa mtihani wa mtu yeyote. Mlituambia tusubiri kwa sababu turubai, masufuria na wajomba wote walikuwa wameshashikwa na shughuli ya pikipiki. Anasema pia kwamba tangu mwanzo Bi Mwanvita ndiye aliyekuwa haitaki posa hii. Hakutaka kabisa kusikia habari za bodaboda, watu wanaompita kila siku na honi na kumwachia vumbi. Lakini Jumamosi, nilipokuwa kwa mama wa tatu au wa nne, aliwaambia wenzake kwamba mtu aliyesimama katikati ya mashindano kumweleza habari za goti la mama yake ataweza kukaa na binti yake. Jibu ni ndiyo. Hamkungoja hata hiyo Ijumaa.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, namba moja hadi tano, yasishughulikiwe. Pointi kumi na moja za turubai zisiguswe na mtu. Akitokea wa kuzipunguza, nitakata rufaa. Na mwakani turubai likae palepale.

Hili la mwisho namwandikia baba mdogo, si Mwenyekiti, na Batuli safari hii asiruke. Korongoni sikukanyaga mara moja. Nilikanyaga mara nne, nikadhani mawe yamenificha, nikakaa kimya. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya Batuli. Anasema mara ya kwanza Batuli alipuliza filimbi, na mara zote zilizofuata, mguu wangu ulipoanza tu kushuka, yeye aligeuka kutazama mananasi. Naomba niongezewe tatu, ziwe ishirini, na kosa liandikwe kuwa la vumbi. Mimi nimejaza namba nne nzima kumlaumu kwamba hakuangalia pembeni hata mara moja. Kumbe aliangalia mara tatu.