Kikohozi cha Profesa Larkham

Jumatatu, 6 Novemba 1961

Wiki ya sita tangu Profesa Larkham azikwe. Bado nafagia chumba chake hapa chuoni, bado nawasha makaa asubuhi. Namwashia nani? Sijui. Miaka thelathini, mkono umezoea.

Leo Hester amelia mbele yangu. Ndiye mwanafunzi wake wa mwisho, kakonda kama ufito. Ijumaa Daktari Quarmby, mhadhiri hapa, atatoa mhadhara juu ya marehemu, na atakayeonyesha jambo jipya katika vitabu vyake ndiye atakayekabidhiwa karatasi zake zote. Hester asipopata kitu, basi, arudi kwao Lincoln akampigie mjomba wake taipu. Mjukuu wa moyo wangu, taipu! Nikampa pudini ya mkate, vipande vitatu. Nikamwambia afute kamasi, bibi yake hajafa.

Jambo moja linanikera. Profesa alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kumpinga mtu. Sasa wote hapa chuoni hukohoa hivyo. Hata vijana walioingia mwezi jana, wasioona hata jeneza lake!

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata! Vitabu vya Profesa vimejaa maneno ya penseli pembeni mwa kurasa, na wasomi huyalamba kama asali. Mwandiko huo ninao mimi. Shule sikuiona hata mlango. Ni yeye aliyenifundisha herufi nikiwa na miaka hamsini, nikinakili zake moja moja. Nimechukua kile kitabu cha mashairi chenye jalada la kijani. Ukurasa mmoja, nimeandika pahali patatu. "Mshairi huyu mwongo." "Vizuri sana." La tatu nimelisahau, ila lilikuwa refu na la kisomi.

Penseli yake ilikuwa ya moto. Labda jua. Jua gani, Novemba na baridi hii?

Jumatano, 8 Novemba

Hester kakiona kitabu. Kwenye maneno yangu matatu alinikodolea macho. Njaa hiyo. Lakini la nne lilimtoa machozi, akalibusu.

La nne?

Mimi niliandika matatu! Hili limekaa chini ya lile la kwanza: "Nani kasema? Soma tena." Ndivyo alivyokuwa akiniambia kila nilipokosea herufi. Nikamshukia bawabu Cutbush, nikamuuliza nani kaingia. Akakohoa mara mbili, akasema ufunguo haujatoka msumarini ila kwa mkono wangu. Cutbush! Mtu asiyesoma ila gazeti la mbio za farasi!

Alhamisi, 9 Novemba

Asubuhi nimemjibu, pale pale: "Lala, Profesa. Namsaidia mtoto."

Adhuhuri nikarudi na ndoo ya makaa. Mto wa kiti chake, nilioutandaza vizuri, umebonyea katikati. Na chini ya maneno yangu: "Si kwa uongo." Mwandiko mmoja, wangu na wake. Nikatazama mikono yangu. Nyeusi tii kwa makaa. Ukurasa hauna hata doa.

Bado natazama, akaingia Quarmby, akakinyakua kitabu. Nikamwambia akirudishe. "Mama, wewe shughulika na majivu yako," akasema. "Haya mazito kwako." Mjinga we! Nani aliyekuwa akikufutia matope ya viatu ulipokuwa mwanafunzi?

Ijumaa, 10 Novemba

Ukumbi umejaa pomoni. Nilikaa nyuma, na kofia yangu ya mazishi. Quarmby akasoma maneno yangu kwa sauti ya kanisani. "Lala, Profesa": eti marehemu alikuwa akijisemesha mwenyewe. Na huyo mtoto, eti ndio ushairi! Makoo mia mbili yakakohoa, mara mbili, kwa pamoja.

Hester hakukohoa. Alisimama, akasema Profesa hakumwita mshairi mwongo hata siku moja bila kuonyesha neno lenyewe. Maneno haya si yake. Quarmby akacheka, akakiinua kitabu, wakubwa wa mbele wajionee. Wakainama. Wakatazamana, mmoja akasoma kwa sauti. Mistari miwili tu: "Nani kasema? Soma tena." Na: "Si kwa uongo." Yangu yote hayapo. Hata alama ya kufutwa hakuna.

Quarmby alifungua mdomo. Hata kikohozi hakikutoka.

Karatasi kapewa Hester, ndiye pekee aliyeutambua usemi wa Profesa. Ngazini akanikumbatia. "Bibi, nilijua ni wewe tangu Jumatano. 'Vizuri sana'! Profesa alimwandikia nani hivyo, maisha yake yote?" Akaniapisha nisiguse tena pembeni mwa kitabu. Nikaapa kwa kaburi la mume wangu.

Jumamosi, 11 Novemba

Hester keshaanza kuandika juu ya marehemu. Kaenda sokoni, nimepitia kurasa zake. Kavu! Hazina chumvi. Na wakubwa watazisoma Jumatatu. Neno moja dogo la Profesa pale pembeni litamdhuru nani? Niliapa juu ya vitabu. Haya makaratasi.

Nimechonga penseli. Nimekohoa mara mbili. Vumbi la makaa tu hilo.