Thieta Mliyotuahidi Haina Vitanda

Hiram Kiarie,
Mkulima wa Viazi,
Dundori, Nakuru.

Kwa Msajili wa Wanafunzi,
Chuoni.

Bwana Msajili,

KUH: BINTI YANGU KUPELEKWA THIETA ISIYO YENYEWE

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini u mzima wewe na jamaa yako. Mimi si mzima, na sababu ni chuo chako.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti yangu Wamaitha alikwenda saiba ya Chepkurui, kile kibanda cha intaneti mjini Nakuru, kuchagua kozi. Tulikwenda pamoja. Chepkurui alipomuuliza anataka kusomea nini, mtoto alijibu bila kugugumiza kwamba anataka thieta. Nilitokwa na machozi pale pale penye mashine ya fotokopi, na sikuuliza swali la pili. Kwetu thieta ni moja tu, ile unayoingizwa ukiwa umelala na kutoka ukiwa umeshonwa. Barua yenu ilipokuja kusema amechukuliwa kusomea Sanaa za Thieta, niliisoma kanisani mbele ya waumini wote, na tangu Jumapili hiyo Dundori nzima inaniita Baba Daktari. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yenu ilinidanganya kwa kusema kweli. Neno "sanaa" nililichukulia kuwa ule ustadi wa kupasua mtu bila kumwachia kovu baya. Mliagiza aje na nguo nyeusi za kubana na viatu visivyo na kishindo. Nikasema hawa watu wana akili, hawataki kumwamsha mgonjwa.

2. Siku ya kuripoti tulikuja watu kumi na tisa kwa lori la viazi, kwaya ikiwemo. Tuliomba kuonyeshwa thieta, tukaonyeshwa chumba kikubwa cheusi chenye taa kali na pazia refu. Tulipiga magoti humo tukawaombea wote watakaopasuliwa. Mhadhiri wenu mwenye rasta aliitikia amina kwa sauti kutushinda, kisha akatupigia makofi. Angeweza kutueleza.

3. Wiki ya pili nilimpigia binti simu kumuuliza wamefika wapi, kama ni tumbo au ni kichwa. Aliniambia siku hiyo alikuwa mti. Alisimama saa nzima akiwa mti, na akasifiwa. Bwana Msajili, miti tunayo. Kama ni hivyo angesomea huku nyumbani, afundishwe na mti wenyewe.

4. Nilipomwagiza ahamie udaktari, alinijibu, tena kwa adabu, sikatai, kwamba thieta hii ya michezo ya kuigiza ndiyo aliyoitamani tangu shule na kwamba alama zake hazifiki udaktari hata zikipigwa jeki. Kisha akanitajia Chepkemei, binti wa jirani yetu, aliyehitimu udaktari miaka miwili iliyopita. Huyo bado anangoja serikali imwite kazini, na kwa sasa anauza mayai ya kuchemsha kule Salgaa, malori yanakoegeshwa. Hiyo si hoja. Chepkemei hata akiwa na ndoo ya mayai anaitwa Daktari. Madereva wa malori humwambia, "Daktari, niongezee kachumbari." Binti yangu ataitwa nani? Na mimi je? Siku hizi kwenye mazishi nawekewa kiti cha mbele, karibu na mhubiri. Sijui kama mnaelewa ni vigumu kiasi gani mtu kurudi kwenye benchi akiwa ameshaonja kiti.

5. Mzee Karanja, mzee wa kanisa letu, ana ngiri. Hospitali ilimpa tarehe ya upasuaji akaikataa, kwa kuwa anamngoja Wamaitha ahitimu. Anatembea ameshikilia suruali. Sijapata uso wa kumwambia kwamba daktari wake ni mti.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili, na mkishindwa na la kwanza nitaridhika na la pili. La kwanza, mhamisheni binti yangu kwenye thieta yenye damu. La pili, kama hilo haliwezekani, leteni damu kwenye thieta mliyo nayo. Taa mnazo, pazia mnalo, hata viti vya jamaa ya mgonjwa vimepangwa vizuri kuliko hospitalini. Kinachokosekana ni kitanda na mgonjwa. Kitanda nitabeba mimi kwa lori, na mgonjwa nimeshamtaja.

Wasalimie wahadhiri wote, wapishi, askari wa langoni waliokula viazi vyetu, na hata yule mwenye rasta.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,
Hiram Kiarie
(Baba Daktari)

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Wamaitha alikuja nyumbani kwa siku tatu na waumini wakamiminika kumwona daktari wao. Nilimsihi ajifanye, kwa saa moja tu, aniokolee jina. Alikataa, akasema watu hawachezewi kuhusu miili yao. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba yeye atamwambia kila mmoja aende hospitali. Nikamwazimia koti jeupe la mwenye buchari. Alipolivaa hata mwendo wake ulibadilika. Alimkalisha Mzee Karanja, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba ngiri haingoji mahafali. Jumatatu mzee alijipeleka mwenyewe, akapasuliwa, na anaendelea vizuri. Lakini siku ile, foleni ilipokaribia kuisha, nilijikuta nimesimama ndani yake, mimi niliyeliazima lile koti. Zamu yangu ilipofika nilivua kofia nikasema, "Daktari, sijalala vizuri tangu nimzike mke wangu." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo. Aliniuliza ni miaka mingapi sasa, kana kwamba hajui, nami nikamhesabia. Tafadhali msimhamishe.