Ufunguzi wa Kituo cha Kumpiga Mamba Picha

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Mapambo. Wajumbe wa Kamati Ndogo Zaidi ya Viti. Daktari wa bustani yetu ya wanyama, ambaye naona umesimama ilhali kiti kipo. Wanafunzi wake wenye makoti meupe. Marehemu mamba dume, uliyelala hapo mezani juu ya barafu. Wageni mlioalikwa na mliopita njia. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kabla sijaanza, naomba nianze. Leo tunafungua Kituo Jumuishi cha Kupiga Picha na Kupasua Wanyamapori kwa Lengo la Kujua Kilichomo, kituo ambacho mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hadi nchi jirani, nilikibuni peke yangu nikiwa bafuni. (Makofi. Shemeji anasimama kupiga yake.) Upembuzi yakinifu umeonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wanyama wetu wana kitu ndani, na asilimia tatu waliobaki walikimbia kabla ya kuulizwa.

Nyuma yangu, chini ya shuka hilo, ipo mashine. Mashine hii ya kidijitali humkata mnyama kwa picha bila kisu, kipande baada ya kipande, kama mkate wa boflo, nawe ukamwona moyo, ini na mifupa bila hata kumvua ngozi. Kufikia robo ya tatu ya awamu ya pili tutakuwa tumewapiga picha tembo wote, wakiwa wamesimama, wamekaa, na wakiwa na familia zao. (Vigelegele.)

(Daktari: “Mheshimiwa, samahani. Barafu inaisha. Dume amekufa na jike aliyebaki bwawani hapo nyuma leo siku ya nne hali chochote. Tukijua kilichomuua mume, huenda tukamwokoa mke. Tufunulie mashine tumwingize.”)

Swali zuri sana, Daktari, nalo limo ukurasa wa thelathini na moja. Kwa sasa tupo ukurasa wa pili. Haraka haraka haina baraka, mwanangu.

(Daktari: “Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mheshimiwa. Yule jike namsikia anavyokoroma.”)

(Kicheko.) Asante. Tuendelee. Kwa wale wenye mashaka, tazameni ukutani. Ile ni picha ya mifupa, ya kwanza ya Kituo chetu, iliyotafutwa usiku na mchana na katibu muhtasi wangu, yule dada aliyeteleza kwenye ngazi mwezi uliopita. Ni mguu wa mbele wa mamba. Hesabuni vidole: vitano! Sayansi hiyo! (Makofi.)

(Daktari: “Mheshimiwa, mamba havai pete.”)

(Katibu muhtasi anaficha mkono wenye plasta.)

Basi, ndugu zangu, dakika hii hii Kituo chetu kimegundua kwamba mamba huoa! (Makofi ya nguvu.) Nani mwingine duniani alikuwa na data hiyo? Hakuna! Na ile harufu ambayo baadhi yenu mnaikunjia pua, hiyo ni harufu ya maendeleo, na naomba Mwenyekiti arudi ndani.

Nikirejea kwenye mkakati, dira, dhima na mchakato... Daktari, hicho ni kisu? Nauliza kwa kuwa upasuaji ni kipengele namba kumi na saba katika ratiba, na sisi tupo namba tatu. Wanafunzi, msimshikie mkia! Sawa. Wameshampasua. Wananchi, kaeni, kuna cha kuona huku mbele pia! Hebu kaeni jamani! (Watu wamepanda juu ya viti kutazama mezani.)

(Mwanafunzi: “Daktari, ona tumboni! Kitu chekundu. Na cha njano. Na kingine... ni maputo!”)

(Daktari: “Maputo tupu. Yameziba njia yote ya utumbo. Na huu uzi wake. Mheshimiwa, haya ni ya sherehe yako ya jiwe la msingi, mlipoyaachia pale kando ya bwawa. Yana sura yako.”)

(Mtoto mmoja: “Mama, anatabasamu!”)

Ndugu wananchi. Wapo viongozi ambao ujumbe wao huishia magazetini. Wangu umefika hadi utumbo mdogo. (Makofi mawili, yote ya shemeji.)

(Daktari: “Jike naye atakuwa ameyameza, ila akiwa bado anakoroma yatakuwa hayajapita tumbo. Nahitaji watu kumi wenye nguvu wa kumkalia mgongoni niyatoe kwa mkono kupitia mdomoni. Nani anakuja? Twendeni!”)

(Kishindo cha viti. Mlango. Kelele zinaelekea bwawani.)

Naona wengi mmekwenda kutekeleza hotuba yangu kwa vitendo. Nawapongeza. Kwa mliobaki, yaani shemeji na wewe fundi seremala, tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema “Mnyama!”, mseme “Tumjue ndani!” Mnyama! (Shemeji: “Tumjue ndani!”) Picha! (Shemeji: “Tumjue ndani!”) Hapo ulitakiwa useme “Bila kisu”, lakini si neno.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwalimu mkuu wa shule hii, jirani wa bustani, kwa kutupa bwalo lake la chakula, ambamo Kituo chetu kimehudumu tangu saa nne asubuhi na kitafungwa rasmi saa sita na nusu, wanafunzi wake wakija kula. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawatafuta. Na wewe fundi, nakushukuru kwa dhati kwa kutuazima mashine. Unaweza kuivua shuka sasa ukampelekee bibi harusi kabati lake, ila bebeni wawili, mlango wa kushoto bawaba imelegea.

(Kutoka bwawani, vigelegele.)

Asanteni, asanteni. Mnanipenda kupita kiasi.