Waliosimama Nyuma ya Mama Vifungo

(Hotuba ya Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Mageuzi ya Awamu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sare, uwanjani, wafanyakazi wakiwa wamesimama na meza kuu ikiwa imeketi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye pia ni Mwenyekiti wa kamati inayoichunguza kamati hiyo. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi waliokwenda semina. Mkuu wa Usalama wa kiwanda, ambaye nimeambiwa yupo ingawa haonekani. Shemeji yangu mpendwa, Msimamizi wa Ukumbi wa Vyerehani. Mafundi, wakataji, wapiga pasi, na nyinyi wengine ambao itifaki haikuwaona lakini Serikali inawaona. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, baada ya ishara.)

Nina furaha isiyo kifani, na nitaomba mnivumilie kwa muda mfupi wa saa moja na nusu, kwa sababu keshokutwa tunapokea wageni kutoka nje wanaotaka kuyaona mageuzi yetu kwa macho yao, na uzoefu unaonyesha kwamba mgeni akikuta kila mtu ana jibu lake hukaa siku nyingi. Kwa hiyo nimekuja tukumbushane yaliyotokea, ili yawe yametokea kwa namna moja.

Kama mnavyojua, Serikali yetu ilikuwa ya kwanza kuona kwamba wananchi wanahitaji uhuru, na ya kwanza pia kuona kwamba uhuru ukitolewa wote kwa mkupuo utawadhuru, kwa hiyo upimwe kwa kijiko kama dawa ya mtoto. Ndipo ikazaliwa Fremuweki ya Mageuzi ya Awamu, yenye rodimapu ya miaka thelathini, indiketa mia moja na sita, na stekiholda mmoja, ambaye ni mimi. (Makofi.) Hadi jana jioni utekelezaji ulikuwa umefikia asilimia mia moja na nne. Kiwanda hiki kiliteuliwa kwa majaribio kwa sababu za kitaalamu kabisa: tunashona hapa sare za wanafunzi, za wauguzi, za askari na za wafungwa, kiasi kwamba mwananchi mwenye bahati anaweza kumaliza maisha yake bila kuvaa nguo iliyoshonwa kwingine, na ukuta wetu ni mrefu, hivyo kama uhuru ungetushinda humu ndani, usingefika mbali.

Jaribio lenyewe lilikuwa dogo. Ukumbi wa Vyerehani ungemchagua msimamizi wake kwa kura ya siri, badala ya mimi kumteua. Mgombea alikuwepo tayari, shemeji yangu huyu, ambaye kwa mapenzi yenu mnamwita Bwana Filimbi, kwa kuwa kwa miaka saba amepuliza filimbi ya kuanza kazi, filimbi ya kula, filimbi ya kurudi, na ile fupi inayoruhusu watu watano watano kwenda chooni. Lakini Fremuweki ilitaka wagombea wawili. Nikaagiza atafutwe mtu wa kushindwa. Tulitaka mpole, asiye na kundi, asiye na maneno, na kila tuliyemuuliza alimtaja Mama Vifungo. (Minong'ono mstari wa nyuma.)

Mama huyu mnamjua kuliko mimi. Miaka kumi na tisa amekaa pembeni ya dirisha lililopigiliwa misumari, akishona vifungo vya mashati, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Mumewe ndiye mlinzi wa lango kuu. Nilimwita nikamweleza kwa lugha nyepesi kwamba atagombea, atashindwa, na atapewa cheti cha ushiriki. Akauliza kama anaruhusiwa kuwaambia watu atafanya nini akishinda. Nikamwambia anaruhusiwa, kwa kuwa hatashinda. Akafikiri kidogo, akasema sawa. Mimi sikuona hatari yoyote hapo, na katika kutoona huko sikuwa peke yangu. (Mwenyekiti anakohoa.)

Siku ya kampeni shemeji yangu alizungumza dakika arobaini kuhusu nidhamu, kwa ufasaha mkubwa, na waliosinzia walisinzia kwa heshima. Mama Vifungo alisimama, akasema mambo matatu, akaketi. Alisema filimbi ya choo itakoma, kwa sababu kibofu hakina msimamizi. Alisema misumari ya madirisha itang'olewa. Na alisema ataandika barua kuomba wale mafundi watatu warudishwe kazini. Kwa faida ya walio wageni kidogo hapa, mafundi hao ni wale waliotoa maoni kwenye Siku ya Maoni Huru mwaka jana, wakasema kwamba madirisha yafunguliwe. Tukayapokea maoni yao kwa mikono miwili, kisha tukawapumzisha majumbani bila kikomo ili wapate nafasi ya kutosha ya kuwa na maoni.

Sasa tunakuja kwenye siku ya uchaguzi, ambayo napenda tuielewe vizuri. Masanduku ya kura yalichelewa kwa sababu za kiufundi: yalikuwa stoo yakingoja kibali, kibali kilikuwa kinangoja saini yangu, na mimi nilikuwa kwenye semina ya Kuharakisha Maamuzi. Mkasubiri uwanjani tangu asubuhi mpaka jua likafika utosini. Mngeweza kurudi kwenye vyerehani vyenu. Badala yake, mpiga pasi mmoja alitoka kwenye kivuli akasema, na maneno haya nimeyasoma kwenye ripoti tatu tofauti, "Kama hakuna masanduku, miguu tunayo." Akatembea, akaenda kusimama nyuma ya Mama Vifungo.

Nasisitiza kwamba mpiga pasi huyo ni mke wa ndoa wa shemeji yangu, na kwamba suala hilo linashughulikiwa katika ngazi ya familia. (Kicheko. Shemeji anatazama viatu vyake.)

Wengine wakafuata, mstari ukazunguka hadi karibu na tangi la maji. Wakahesabiwa na wakataji wawili, mmoja wa kila upande, mara mbili. Nyuma ya Mama Vifungo watu mia mbili na kumi na wawili. Nyuma ya shemeji yangu watu tisa, na kati ya hao madereva wawili baadaye walikiri kwamba walidhani ni foleni ya chakula. Kitaalamu hilo halikuwa uchaguzi. Lilikuwa mkusanyiko wa watu wenye mwelekeo.

Niliporudi kutoka semina nilikuta siku kumi na moja zimepita. Mabibi na mabwana, mimi ni mtu wa ukweli, na takwimu hazina ndugu. Filimbi ilikuwa imetundikwa ukutani. Fundi seremala alikuwa ameng'oa misumari, na ukumbini mlikuwa na upepo, kitu ambacho hakikuwemo kwenye indiketa yoyote. Watu walikwenda chooni na kurudi, jambo ambalo wataalamu wetu walikuwa wamelikadiria kuwa haliwezekani. Mashati yalipanda kutoka mia moja arobaini hadi mia mbili na tatu kwa siku, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifunguliwe, suruali zote za shehena moja zilikutwa na miguu inayolingana. Mafanikio haya nimeyaandika kwenye ripoti yangu chini ya kichwa "Uongozi wa Mbali". (Makofi ya meza kuu.)

Ila ile barua nayo ilikuwa juu ya meza yangu. Iliandikwa kwa mkono, mistari sita, ikiomba mafundi watatu warudishwe, pamoja na majina yao na idadi ya watoto wa kila mmoja. Nikamwita.

Nilimkaribisha kiti, nikawasha feni, nikamuuliza habari za nyumbani. Kisha nikamuuliza kama mlezi anavyomuuliza mtoto: nani yuko nyuma yako? Maana mwanamke wa vifungo haamki tu siku moja akaandika barua kwa Mratibu Mkuu.

Akanitazama, akavua miwani, akasema, "Mheshimiwa, nyuma yangu walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Walihesabiwa."

Nikamwambia sizungumzii foleni. Akasema yeye alikuwa anazungumzia hiyo hiyo, na kwamba hakuwaomba wasimame. Sisi ndio tuliowaambia wachague. (Kicheko kinaanza nyuma na kuja mbele. Mheshimiwa anangoja.)

Basi Serikali haimwadhibu mtu kwa kukosa uelewa. Humpandisha. Nilimteua Mama Vifungo kuwa Mshauri wa Mageuzi, mwenye ofisi yake katika stoo ya sare zilizokataliwa. Mumewe naye alipandishwa, kutoka lango kuu kwenda lango la kaskazini, ambalo litajengwa katika awamu ya nne. Siku ya kwanza mlinzi huyo alisimama katikati ya uwanda mtupu tangu asubuhi hadi jioni, na wapita njia wakawa wanamuuliza kama amepotea. Shemeji yangu akarudishiwa filimbi. Misumari ikarudi. Mashati yakashuka, na suruali, kwa masikitiko, zikarudia urefu wake wa asili.

Nilidhani Mama Vifungo angeshukuru, maana ofisini kwake hakukuwa na kazi yoyote. Lakini naambiwa kila siku saa ya kula mlikuwa mnakwenda stoo, mnakaa juu ya marobota ya sare, mnamweleza shida zenu, naye anasikiliza huku akizishonea vifungo zile zilizopungukiwa. Mke wa shemeji yangu alikuwa anampelekea chai. Na naambiwa pia kwamba filimbi ikilia, bado watu hutazama kwanza upande wa stoo. Tabia hiyo naomba ikome, angalau kwa muda wa ziara. (Mtu anapiga chafya inayofanana na kicheko.)

Ndipo ikaja barua ya wageni. Walikuwa wamesikia habari za Siku ya Maoni Huru, sijui kutoka kwa nani, dunia ina midomo mingi, na wakaomba jambo moja tu: kuzungumza na mafundi watatu waliotoa maoni. Waheshimiwa, mimi nimepitia mawaziri wanne na sijawahi kutokwa jasho. Siku hiyo nililowa. Nilipeleka gari kwa wale watatu. Mmoja alijifungia, wa pili akasema yupo likizoni kwa amri yangu, wa tatu akamwambia dereva watarudi Mama Vifungo akiwaambia.

Nikaenda stoo kwa miguu yangu mwenyewe. Ukitaka cha mvunguni huna budi kuinama, na mlango ule kwa kweli ni mfupi. Nikamkuta ameketi juu ya robota la suruali. Nikamwambia watatu hao watarudishwa kazini, kwa nafasi zao zile zile, kwa maandishi, ila na yeye atie saini hati fupi niliyokuja nayo.

Aliisoma mara mbili. Halafu akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwa juu yake. Akaniuliza kama najua anachoombwa kutoa. Nikasema najua. Akasema, "Hujui. Wewe hujawahi kuchaguliwa."

Nikaona nisibishane na mama. Akaweka masharti mawili. Kwanza wale watatu waje, waketi kwenye vyerehani vyao, awaone kwa macho yake, ndipo atie saini. Pili, mumewe apewe kulinda lango lenye ukuta. Naambiwa jana mke wa shemeji yangu alimfuata stoo akalia, akimwomba asitie saini, kwa sababu siku ile ya mstari ndiyo siku pekee aliyowahi kuulizwa anataka nini. Mama Vifungo akamjibu kwamba siku ile hakuna wa kuwanyang'anya, ila watoto saba wa wale watatu wanakula leo.

Leo asubuhi saa mbili na robo watatu hao waliketi. Vyerehani vyao vililia. Mama Vifungo akatia saini akiwa amesimama, kwa kalamu yake, kisha akanirudishia ufunguo wa ofisi, akaenda kukaa pembeni ya dirisha lake, akaanza shati la kwanza. Mlinzi yupo lango kuu, mmemwona mlipoingia. Mafanikio yote haya, kama mnavyoona, ni ya Fremuweki. (Makofi ya meza kuu. Uwanja umetulia.)

Nakaribia kumaliza. Tuimarishe mshikamano. Nikisema mageuzi, mtaitikia kwa awamu. Mageuzi! (Wachache: Kwa awamu.) Nikisema uhuru, mtaitikia kwa kibali. Uhuru! (Hakuna.) Uhuru! (Meza kuu: Kwa kibali.) Uwazi! (Meza kuu: Nyuma ya pazia.) Hiyo ya mwisho haimo kwenye ratiba, iandikwe vizuri.

Mwisho kabisa, taratibu zinanitaka niwasomee hati yenyewe, ili keshokutwa tuwe na jibu moja. Inasema hivi: kwamba katika kiwanda hiki hapajawahi kufanyika uchaguzi wa aina yoyote, kwa kura wala kwa miguu, kwamba hapakuwa na mgombea, mshindi wala mshindwa, na kwamba mradi unaoitwa Mageuzi ya Awamu haujawahi kuanzishwa hapa wala kwingineko. Imetiwa saini na fundi wa vifungo, na kushuhudiwa na mimi. Basi, kwa niaba ya Serikali, na kwa niaba yangu mwenyewe niliyeuratibu tangu siku ya kwanza, nawashukuru kwa dhati kwa kushiriki kikamilifu katika mradi ambao haujawahi kuwepo. Asanteni sana.

(Makofi yanaanza, safari hii bila ishara, yanapanda na hayakomi. Uwanja mzima umegeuka, umeipa meza kuu mgongo, unawapigia mafundi watatu na mwanamke mwenye miwani waliosimama mlangoni pa ukumbi. Mheshimiwa anainama kushukuru, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.)