Upepo Wangu, Sifa za Bénie

Jumatatu, 6 Mei

Bidoni ya njano ikijaa maji. Hiyo ndiyo sauti iliyonishika. Nilikuwa mtoto, kwenye foleni ya bomba, mtaani Majengo, hapa Goma. Kwanza maji yanaanguka kwa sauti nene, ya tumboni. Kisha sauti inapanda, inakonda, inazidi kukonda, mpaka maji yafike shingoni na kila kitu kinyamaze. Wenzangu waliona maji tu. Mimi nilisikia mtu akipanda ngazi ndani ya plastiki. Sijapona tangu siku hiyo.

Leo nimeimaliza. Nimeijenga kwenye kompyuta kuanzia sifuri: wimbi moja tupu, kichujio kinachofunguka polepole, mwangwi kidogo. Sikurekodi bomba lolote. Kurekodi kila mtu anaweza. Nimeiita "Kujaa". Nikaipeleka mazoezini kwa flashi, nikaiingiza katika kinanda cha kwaya, nikabonyeza noti moja ndefu. Papa Grégoire, kiongozi wetu wa kwaya, akainua mkono watu wanyamaze. Nikanyoosha shingo nionekane. Akatuma mtu uani akaangalie nani ameacha bomba wazi.

Kisha Bénie akaketi. Bénie! Msusi wa nywele! Anatafuna karanga, mkono mmoja umo katika pakiti. Kwa kidole cha mkono wa pili akazungusha vifungo viwili kama anayetafuta stesheni ya redio. Ikatoka sauti ya joto, laini, kama watu wengi wanaohema pamoja. Makofi. Mama Mukamazimpaka, wa sauti ya pili, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Papa Grégoire akauliza imetengenezwaje. Bénie akajibu kwamba hajui, papa, imekuja yenyewe.

Imekuja yenyewe! Mimi nina diploma ya elektroniki.

Jumatano, 8 Mei

Habari kubwa. Samy, mpiga kinanda wetu, amehamia Butembo moja kwa moja. Kiti kitupu. Papa Grégoire ametangaza kwamba siku ya Pentekoste misa itafunguliwa kwa sauti ya upepo wa Roho Mtakatifu, ule ulioijaza nyumba nzima. Upepo huo lazima utoke kwenye kinanda, na uwe wetu, si wa kiwandani. Atakayeutengeneza vizuri ndiye atakayeketi pale daima.

Tumejitokeza wawili. Mimi na mla karanga.

Sitaki kiti kwa sababu ya kiti. Nataka watu wasikie sauti ambayo haikuwapo duniani mpaka nilipoiwaza, kisha wageuke kutafuta nani. Waniangalie mimi. Basi. Je, ni mengi?

Ijumaa, 10 Mei

Mbinu ya kwanza: elimu. Mtu akijua mengi kwa ghafla huganda, mimi mwenyewe ni ushahidi. Nilimfuata Bénie kwenye saluni, akiwa na kichwa cha mteja mapajani, nikamweleza mawimbi yote, vichujio vyote, na namna sauti inavyozaliwa, inavyokaa na inavyokufa. Mteja akasinzia. Bénie alisikiliza bila kupepesa. Nikamalizia kwa sumu: achukue mawimbi mawili yanayofanana, kisha moja alipotoshe kwenye noti yake sana, sana, mpaka yagombane.

Akanishukuru. Akaniita yaya, kama dada yake mkubwa. Akanipa karanga.

Nimezila. Zilikuwa tamu, nazo zimenikera.

Jumatatu, 13 Mei

Maafa. Bénie aliogopa kuharibu kinanda cha kanisa, kwa hiyo badala ya kupotosha wimbi sana, alilipotosha kidogo tu. Kidogo tu! Ndiyo siri yenyewe! Mawimbi mawili yanayokaribia kufanana lakini hayafanani ndiyo yanayotoa joto. Vitabu vyote vinasema hivyo. Sasa upepo wake una joto, na mazoezini alimwambia kila mtu kwamba amefundishwa na yaya Kasoki. Wote wakanipongeza kwa moyo mkubwa. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Nimefungua kompyuta. Nimeanza na kelele tupu, ile ya redio isiyo na stesheni, maana upepo wote umo humo ndani. Kazi ni kuuchonga. Mama akaingia na sinia la mchele anaouchagua, akauliza redio imekufa lini. Nikamwambia ni Roho Mtakatifu. Akasema, "Basi umupunguze, mutoto wa jirani amelala."

Jumatano, 15 Mei

Siku ya kupimwa. Umeme hakuna, na jenereta imebaki kwa fundi. Bénie alikuwa amerekodi upepo wake kwenye simu tangu jana. (Nani alimwambia afikirie mbele?) Mimi nikaupiga wangu kwenye kompyuta, spika zake ni ndogo kama vifungo vya shati. Ukatoka kama mtu anayepuliza chai. Tuyisenge wa besi akauliza kama huyo Roho ana mafua. Kwaya nzima ikacheka. Bénie hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Amechaguliwa yeye. Upepo wake umo tayari kwenye kinanda, namba 88.

Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani, nikawaza. Kosa la upepo wangu ni moja: hauna tumbo. Nimeuwekea wimbi la chini chini. Sisikii kitu. Nimeliongeza. Sisikii. Sikio moja la ekuta zangu, spika za masikioni, lilikufa tangu Pasaka. Nimeliongeza tena. Kimya. Nimeliongeza mpaka kifungo kikakataa kuzunguka. Hapo nikahisi kama nasikia kitu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefanya. Papa Donat, mtunza mitambo wa kanisa, alinifungulia mlango bila swali, maana nilibeba kitambaa na kumwambia nimekuja kupangusa vumbi la kinanda. Akasema vijana wa siku hizi wangekuwa wote kama mimi, Goma ingeng'aa. Nikapangusa kweli. Kisha nikachomeka flashi na kuuweka upepo wangu juu ya wa Bénie, namba 88.

Mpango ni safi. Kesho atabonyeza yeye. Watu watapiga magoti. Ndipo nitasimama, polepole, kutoka benchi la tatu.

Jumapili, 19 Mei, Pentekoste

Siwezi kuandika. Ninaandika.

Kanisa limejaa mpaka milangoni. Mavazi mekundu kila mahali. Papa Grégoire akatoa ishara, Bénie akabonyeza. Mwanzoni, kimya katika spika kubwa za kanisa. Kisha benchi chini yangu likaanza kutetemeka. Kisha vioo. Kisha mabati yote ya paa yakalia kwa pamoja, zzzrrrr, na sauti yenyewe ikaja kutoka ardhini, ikapitia nyayo na magoti, mpaka menoni.

Watu wa Goma hawaulizi mara mbili. Tangu mlima wetu wa volkano ulipotapika moto mara ya mwisho, kila mtu anajua mlango wake. Mama Mukamazimpaka, ambaye magoti yamemfanya asipande ngazi ya kwaya tangu Krismasi, alikuwa wa kwanza kutoka, viatu mkononi. Nyuma yake besi, watoto wa ubatizo, wazee wa kigango. Hakuna aliyepiga kelele. Walitoka haraka na kwa adabu, kama waliofanya mazoezi.

Nami nilikimbia. Nilikuwa uani tayari, nimemkumbatia mtoto nisiyemjua, nilipokumbuka kwamba ile ilikuwa sauti yangu.

Bénie akaondoa kidole. Mlima ukanyamaza.

Padre akatoka na vazi lake jekundu. Akautazama Nyiragongo: moshi wake wa kila siku, hauna habari. Akatutazama sisi. Nilijua sasa atauliza nani. Akasema kwamba hata mitume siku ile hawakubaki ndani ya nyumba, walitoka nje, kwa watu, na kwamba kwa miaka yote anayohubiri Pentekoste leo ndiyo mara ya kwanza ameiona. Watu wakaanza kulia. Wakaimba. Misa nzima imesomwa uani, juu ya mawe ya volkano, chini ya jua, na hakuna aliyeondoka.

Kisha wote wakageuka kumtafuta aliyetengeneza sauti ile. Wakamwangalia Bénie.

Jumanne, 21 Mei

Bénie amesema mbele ya kwaya nzima kwamba sauti ile si yake, kuna mtu ameibadilisha. Papa Grégoire akasema, mnaona? Unyenyekevu. Akarudia kwamba si yeye. Mama Mukamazimpaka akamkumbatia akisema watakatifu wote walisema vivyo hivyo. Kadiri anavyokana ndivyo wanavyomsifu. Mpaka Tuyisenge, mwenye mzaha wa mafua, amemwita "mama ya upepo".

Nikisema ni yangu, nitaulizwa ilifikaje namba 88. Nikinyamaza, ni yake. Nimenyamaza. Nimenyamaza mpaka taya zinauma.

Alhamisi, 23 Mei

Bénie amekuja nyumbani na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu. Mama alimkaribisha kama mkwe. Tulipobaki wawili akaniambia kwa sauti ndogo: "Yaya, ule upepo ni wako. Siku ile ya kompyuta ulipuliza hivyo hivyo, ila sasa umeuongezea tumbo."

Nikajaza mdomo sambaza. 

Hakuniuliza kwa nini. Alisema hatamwambia mtu. Alisema yeye huzungusha vifungo tu na hajui anachofanya, na kila siku anaogopa kwamba sauti nzuri haitakuja tena. Mimi najua kuijenga. Kwa hiyo nimfundishe. Kuanzia sifuri, na safari hii ukweli mtupu.

Huu ni mtego. Nimekubali ili niuchunguze kwa karibu.

Jumapili, 26 Mei

Tumekaa kwenye kinanda mchana kutwa. Nimemwonyesha bidoni yangu. Hakucheka. Alifumba macho, akasema maji yanafika wapi, na alisema kweli. Nilisahau kumchukia kwa muda mrefu sana, labda mpaka saa ya chakula. Nadhani nina rafiki. Nadhani nimebadilika kabisa. Wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi.

Jumatano, 29 Mei

Ametengeneza sauti yake ya kwanza bila kubahatisha. Wimbi kwa wimbi, kama nilivyomfundisha. Inaanza kama pumzi na inaishia kama kengele iliyo mbali, na katikati kuna kitu kinachosita, kama mtu anayetaka kusema jambo na haya inamzuia. Nimeisikiliza nimesimama. Miaka yangu yote na kompyuta ile sijatengeneza kitu kizuri hivyo.

Ameiita "Kasoki".

Papa Grégoire ameisikia. Jumapili kwaya inarekodiwa redioni, na sauti hiyo ndiyo itakayofungua kila wimbo. Mtangazaji ataitaja kwa jina. Jina langu! Litasikika Goma yote, na Rutshuru mpaka Vitshumbi, wavuvi watalisikia. Mama ameshawapigia simu shangazi wa Butembo. Kwaya wamenizunguka na kuniangalia mimi, wote, kama nilivyotaka.

Nami nilikuwa nikiiangalia ile sauti. Kasoki aliye mzuri. Kasoki anayependwa na watu wote, asiyetoka jasho. Kasoki wa Bénie.

Ijumaa, 31 Mei

Nimeifuta.

Nilikwenda asubuhi na kitambaa cha vumbi. Papa Donat akanifungulia mlango. Kinanda kiliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Nakala ya kwenye flashi nayo nimeifuta, kisha nikampigia Bénie simu kumwambia kwamba umeme ulikatika ghafla na kumbukumbu imekwenda nao.

Alilia. Kisha akaacha kulia, akasema, "Pole, yaya. Najua imekuuma wewe kuliko mimi, maana ilikuwa na jina lako."

Nimemwambia nitajikaza.